Mbarika za Yadi ya Zubair

Jiwe la kwanza lilimpata Daktari Urbanus begani, akiwa amechuchumaa chini ya mbarika. Hakupiga kelele. Aligeuka, akawatazama watu waliokuwa wamejazana pale ua ulipobomolewa, kisha akarudi kuchimba. La pili liligonga mlango wa Land Rover. Hapo Inspekta Kalunde aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama kati ya Urbanus na umati.

"Atakayerusha la tatu tunaondoka naye," alisema.

Hakuna aliyerusha. Hakuna aliyeondoka pia.

Ilikuwa Januari 2004, Kyumbi, karibu na njia panda ya kwenda Machakos mjini. Yadi ilikuwa ya Zubair, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, aliyezaliwa Machakos katika moja ya familia za Kiislamu za pale mjini. Kwa nyuma ilipakana na shamba la Musau. Ngina, binti mdogo wa Musau, alikuwa amekufa mwishoni mwa Novemba kwa degedege ambalo dawa hazikulizuia, na hospitali ilipopima damu yake ilikuta risasi, yale madini mazito yanayotoka ndani ya betri za gari. Polisi wa Kyumbi walichota udongo wa yadi, wakaupeleka upimwe. Ulikuwa umejaa risasi. Siku jibu lilipofika Zubair alikamatwa, na jioni yake vijana waling'oa geti na kuchoma kibanda alichokitumia kama ofisi.

Kwa kila mtu kesi ilikuwa imekwisha. Mkuu wa upelelezi alimpa Kalunde faili aipange tu, ipelekwe mahakamani. Kalunde aliisoma akakwama mahali pawili. Mdogo wake Ngina, aliyelala nyumba ile ile kando ya yadi ile ile, alipimwa akakutwa safi. Tena katika picha zote za yadi hapakuwa na ganda hata moja la betri. Mtu anayeyeyusha betri kiasi cha kutia sumu kiwanja kizima huacha nyuma rundo la maganda ya plastiki. Leo Kalunde alikuwa ameizunguka yadi yote. Aliona ekseli, mabati, injini zilizokufa. Ganda la betri hakuona.

Mwanamume mrefu mwenye kofia ya kitambaa alijitokeza mbele ya watu. Alikuwa Kaloki, kaka yake Musau, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji. Alipoinua mkono, watu walinyamaza.

"Afande, mtoto tumezika," alisema. "Mwenye kumuua mko naye ndani. Sasa mmekuja kupalilia miti yake?"

Kalunde alimjibu kwamba wanachukua sampuli. Kaloki akataka kujua inakuwaje serikali ikose gari la kumpeleka Zubair kortini, lakini gari la kuja kuchimba mbarika liko. Watu walicheka, kicheko kibaya. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba inspekta amenunuliwa na Waswahili wa mjini. Nyuma kabisa Musau alisimama, mikono kifuani. Hakucheka.

"Na wewe, mzee," Kalunde alisema, "watu wa afya walipopita nyumba kwa nyumba kupima watoto, kwa nini ulikataa?"

"Boma yangu iko ng'ambo ya barabara. Watoto wangu hawachezi hapa. Na damu yao si mali ya polisi."

Daktari Urbanus alimwita. Alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu Nairobi, mtu mkavu asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alimwonyesha shina la mbarika. Mti wa kawaida, alisema, hutanuka kidogo unapoingia ardhini, pale mizizi inapoanzia. Huu ulikuwa umeingia wima kama nguzo. Alikuwa ameuondoa udongo wa juu, mwekundu wenye changarawe, na chini yake, kina cha kiganja, ulianza udongo mweusi wa kunata. Shina lilitanukia hapo, kwenye ule mweusi.

"Umefukiwa," alisema.

Halafu akaokota kutoka kwenye ule udongo mwekundu kishada cha mizizi minene iliyokufa, akakipangusa na kukinusa. "Nepia. Majani ya ng'ombe. Unaona nepia mahali hapa?"

Kalunde hakuiona. Urbanus alikitia kishada ndani ya mfuko wa karatasi.

Jiwe la tatu lilikuja walipokuwa wakiondoka, likavunja kioo cha nyuma. Kalunde alimwambia dereva asisimame.

*

Zubair aliletwa chumba cha mahojiano akiwa hana viatu, jicho moja limevimba. Mahabusu wenzake walikuwa wamesikia kesi yake. Aliketi, akautazama ukuta.

"Nataka kukuuliza kuhusu udongo," Kalunde alisema.

"Andika unavyotaka. Wenzako waliandika walivyotaka."

"Udongo mwekundu uliomwagwa kwenye yadi yako. Ulitoka wapi?"

Zubair alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia, kwamba mvua za Novemba zilikuwa zimeigeuza yadi kuwa tope, malori yakawa yanakwama. Alimwomba dereva mmoja wa lori la watu waliokuwa wakitengeneza barabara ammwagie murram, ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani, akipata nafasi. Kisha akafunga kazi, akaacha geti bila kufuli ili lori liingie, akaenda Mombasa kula Idi na jamaa zake. Aliporudi alikuta udongo umemwagwa na kusawazishwa, akafurahi. Akadhani ni yule dereva.

Kalunde alimkumbusha kwamba kampuni ya barabara ilikana kumpelekea hata toroli moja. Alimwuliza jina la dereva. Zubair hakulijua. Alimwuliza namba ya lori. Hakuijua.

"Mtu anakumwagia udongo na humjui?"

"Ningemjua ningekuwa hapa?"

"Betri ulinunua kwa nani?"

"Sinunui betri." Aligeuza uso kwa mara ya kwanza, akamtazama Kalunde kwa jicho lake zima. "Nimesema tangu siku ya kwanza. Chuma na mabati. Betri ina asidi, ina kesi, ina taabu. Lakini nyinyi mnaniangalia mnaona mtu wa pwani. Babangu amezaliwa Machakos. Mamangu amezikwa Machakos. Mtoto akifa Kyumbi, wa kushikwa ni Zubair."

"Mtoto alikufa na risasi mwilini. Udongo wako una risasi. Hilo halina pwani wala bara."

"Basi nifunge."

Kalunde alifunga kalamu yake. Alimwambia askari amhamishe Zubair chumba cha peke yake na amletee daktari wa jicho. Zubair hakushukuru. Mlangoni alisema kwamba yule aliyempiga alikuwa amefunguliwa mlango na askari, na inspekta akitaka kupeleleza kitu, aanze na hicho.

*

Majibu ya maabara yalitoka wiki iliyofuata. Kalunde aliendesha gari hadi Nairobi kuyasikia kwa masikio yake, kwa sababu mkuu wake alikuwa amemwambia Zubair anafikishwa kortini Jumatatu, kuwe na mimea kusiwe na mimea.

Urbanus alikuwa ameipanga mizizi juu ya meza katika sahani za kioo. Hakumkaribisha kiti.

"Mmea hauli udongo," alianza. "Unakunywa maji, na kilichoyeyuka ndani ya maji kinaingia nayo. Madini mazito hayafanani tabia. Kadimi, mojawapo ya hayo madini, inapanda na maji mpaka kwenye majani. Risasi haipandi hivyo. Inanasa kwenye kuta za mizizi, na nyingi inabaki hapo hapo. Ukitaka kujua kama mti umeishi na risasi, usiulize majani, uliza mizizi."

"Na mti wenyewe haufi?"

"Usinikatize. Mingine inakufa. Inayohimili ina njia yake. Inatengeneza vitu vidogo vyenye salfa ndani yake, vinaishika ile sumu na kuifunga, kisha inasukumwa kwenye chumba cha ndani cha seli, mbali na kazi za mmea. Sumu haijaondoka. Imefungiwa tu. Ng'ombe akila, anaila."

Alisogeza sahani ya kwanza. Huo ulikuwa mzizi mkuu wa mbarika, ule uliokuwa kwenye udongo mweusi. Ulikuwa safi. Katika sahani ya pili kulikuwa na mizizi michanga, myembamba kama nywele, iliyochipuka kwenye shina baada ya kufukiwa. Hiyo ilikuwa na risasi.

"Mbarika ile ina misimu kadhaa pale," alisema. "Kama Zubair angekuwa anayeyusha betri, mzizi mkuu ungekuwa umejaa."

Kalunde hakutaka kukubali upesi. Aliuliza kama haiwezekani risasi ilikuwa juu tu, haijapata muda wa kuzama mpaka kwenye ule mzizi.

Kwa mara ya kwanza Urbanus alimtazama kama mtu aliyeuliza jambo la maana. Alisema risasi haizami upesi, hukaa juu. Ndiyo sababu alipima udongo mweusi pale pale unapokutana na mwekundu. Huo mweusi ndio uliokuwa juu ya yadi miaka yote, na kama moshi na majivu ya tanuri vingetua mahali, vingetua juu yake. Ulikuwa safi. Sumu yote ilikuwa ndani ya ule mwekundu, na ule mwekundu uliletwa baada ya mvua kuanza.

"Na nepia?"

Alisogeza sahani ya tatu. "Hii imejaa risasi hadi katikati. Ilikufa ilipong'olewa, lakini ilikuwa imeishi ndani ya sumu kwa muda mrefu. Udongo ulitolewa ukingoni mwa shamba la nepia. Shamba ni la nani, hiyo ni kazi yako. Na ukifika, niite. Sitaki askari wako waning'olee mizizi kwa panga."

*

Kyumbi ni mahali pakavu. Nepia haioti pale bila mtu kuimwagia maji. Kalunde aliliwaza hilo njia nzima ya kurudi, na alipofika njia panda hakwenda kituoni. Alikwenda pale wanapouzia ndizi na maembe kando ya barabara, akamtafuta Winfred, mke wa Musau.

Winfred aliendelea kupanga maembe yake bila kuinua uso. Alisema hana neno na watu wanaomtetea muuaji. Kalunde alimwambia ana swali moja tu: yeye akiwa hapa barabarani kutwa, Ngina alikuwa akikaa na nani? Winfred alisema yule mdogo yeye mwenyewe humbeba mgongoni, anakuja naye. Ngina alikuwa mkubwa kidogo, kwa hiyo alikuwa akimwacha kwa Nzembi, mke wa Kaloki, acheze na wenzake. Kila siku ya soko na nyingine nyingi.

"Ng'ombe wa Kaloki wanakula nini wakati wa kiangazi?" Kalunde aliuliza.

"Nepia," Winfred alisema. "Si yeye ndiye mwenye maji?" Ndipo alipoinua uso, na embe likabaki mkononi mwake.

*

Walifika kwa Kaloki asubuhi, wakiwa na kibali cha mahakama. Kalunde alikuwa na Urbanus, konstebo mmoja na dereva. Kaloki aliwapokea getini, akakisoma kibali mpaka mwisho, akakirudisha. Kisha alimtuma mtu mbio barabarani, na Kalunde alijua umati utafika muda si mrefu.

Nyuma ya zizi la ng'ombe kulikuwa na kiwanja kilichozungukwa na nepia ndefu kuliko mtu. Katikati palikuwa na tanuri la matofali. Kaloki alisema kila mtu Kyumbi anajua yeye huchoma matofali, moshi wake si siri. Kiwanja kilikuwa kimefunikwa samadi nyeusi na kupandwa maharagwe, mistari imenyooka. Kalunde aliyahesabu matofali yaliyorundikwa kando ya tanuri. Hayakutosha kujenga choo.

"Tanuri kubwa hivi," alisema, "na nyumba ya matofali hata moja huna."

"Nauza."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Nzembi, mke wa Kaloki, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mdomoni. Kalunde alimsalimu, akamwomba maji ya kunywa. Mwanamke alipofungua mdomo kujibu, Kalunde aliona ufizi wake: mstari mwembamba, wa samawati iliyokolea, ukifuata meno. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia autazame kwa watu wazima wanaoishi na risasi. Nzembi aliona anatazamwa, akarudisha kitambaa.

"Tumbo linakusumbua, mwaitu?" Kalunde alimwuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Linanikata," Nzembi alisema polepole.

"Mke wangu haulizwi bila mimi," Kaloki alisema.

Urbanus alikuwa tayari ndani ya nepia. Udongo wa kiwanja ulikuwa umekwanguliwa kwa uangalifu, alisema, lakini mwenye kazi alikuwa ameuacha ua wa majani usimame. Angeuondoa, watu wa barabarani wangeona ndani. Alichimba kwa mikono, akalitoa shina moja na mizizi yake yote, akalipiga taratibu juu ya karatasi nyeupe. Udongo mwekundu wenye changarawe ulidondoka. Ndani yake mlikuwa na chembe za kijivu, nzito, zimeshikwa na mizizi kwa nguvu hata akalazimika kuzitoa moja moja. Aliibonyeza moja kwa ukucha. Ukucha uliacha alama.

"Risasi," alisema. "Ilimwagika ikiwa moto, ikapoa hapa. Mizizi imekua ikiizunguka. Hii si ya juzi."

Kaloki alicheka bila kufungua meno. "Na hiyo itaapa kortini? Itashika Biblia kwa jani?"

"Lori litaapa," Kalunde alisema. "Udongo haukuvuka barabara kwa miguu. Dereva wake nitampata, na maganda ya betri nitayapata hata kama ni chini ya tanuri hili. Konstebo, tafuta jembe."

Watu walikuwa wamefika. Waliingia bomani kwa kelele, wengine na fimbo, wakauliza kwa nini mzee anasumbuliwa na mwenye yadi yuko mahabusu akila chakula cha serikali. Musau alikuwa mbele yao. Alimkaribia Kalunde mpaka pumzi yake ikamfikia.

"Toka hapa," alisema. "Mmeshindwa na Mswahili, mnakuja kwa ndugu yangu?"

Kalunde hakurudi nyuma. Alimweleza kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, yale ambayo mizizi ilionyesha: udongo wa yadi uliletwa, ulitoka mahali penye nepia, na Ngina alikuwa akishinda hapa. Musau alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Kaloki alimwambia asisikilize, mwanamke huyu wa polisi ametumwa kuvunja familia.

Ndipo Nzembi alipotoka jikoni. Alikuwa amebeba mtoto wake wa mwisho, mvulana wa kutembea, ila hakuwa akitembea. Kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwa mama, macho nusu wazi.

"Ametapika tangu jana," alisema. "Kama Ngina. Huyu mzee amenikataza kumtoa hapa." Aliongea na Kalunde, lakini alimtazama shemeji yake, Musau. "Tanuri si la matofali. Betri zinakuja kwa gunia. Siku mlienda Muthetheni kumzika Ngina, mlisema mimi sina heshima, sikuja. Aliniambia nibaki nifungulie lori geti. Walichota udongo mpaka jioni, wakaupeleka kwa Zubair."

Kaloki alipiga hatua kuelekea kwa mkewe. Konstebo alimshika mkono, akampindia nyuma, na pingu zikafungwa kabla hajaweza kujinasua.

"Nilikuwa nalinda jina letu," Kaloki alimwambia ndugu yake. "Mtoto alikuwa ameshaenda. Tungepata nini tukiangamia sote?"

Musau aliongea kama mtu anayetafuta maneno mbali. "Wewe ndiye uliyeomba kwa kaburi lake."

Kaloki aligeuza uso kwenye tanuri.

"Ulijua lini?" Musau alimwuliza.

"Musau."

"Lini?"

"Daktari aliposema risasi," Kaloki alisema. "Kule wodini. Nilikuwa nimesimama kando yako."

Ngina alikuwa bado hai wakati huo. Kalunde aliona Musau akilifikia hilo, siku za kitandani ambazo daktari alikuwa akiuliza tena na tena mtoto ameitoa wapi sumu, na hakuna aliyemjibu. Watu waliokuwa na fimbo walianza kusogea, na sasa hawakumwelekea polisi. Kalunde alimsukuma Kaloki nyuma yake hadi ukutani na kufungua kifuko cha bastola. Aliita kituo kwa redio akiomba gari la pili. Walimwambia linakuja. Alijua maana yake ni kungoja.

Gari lililokuwapo lilikuwa moja. Dereva alimwuliza nani aende kwanza, mshukiwa au mtoto. Umati ulikuwa umekaribia kiasi kwamba alilazimika kuuliza mara mbili.

Kabla Kalunde hajajibu, Musau alikuwa amempita. Wote walidhani anamwendea kaka yake, hata konstebo aliinua rungu. Lakini alimwendea Nzembi, akamtoa mtoto mikononi mwake, akamlaza kifuani kama mtu aliyezoea, akaingia naye kiti cha mbele cha Land Rover. Nzembi alipanda nyuma, kwenye vipande vya kile kioo kilichopigwa jiwe, bila kuambiwa.

"Hospitali," Musau alimwambia dereva. "Na ukifika uwaambie ni nini kimemuingia. Kwa huyu, daktari asiulize bila kujibiwa."